Dawa Yenye Njaa

Machi 4
Mvua ya kwanza leo, saa nne asubuhi. Mkuu wa idara amenipa daftari hili lenye jalada gumu. "Muhula wako wa mwisho, Profesa. Andika kumbukumbu, vizazi vijavyo visome." Nimeshukuru.

Basi tuandike. Nina miaka hamsini na tisa. Kazi yangu ni kutazama kifaranga anavyojijengea mifupa akiwa bado ndani ya yai. Mwanzo mguu wake ni gegedu tupu, kitu laini kama ncha ya sikio. Kisha chokaa inaingia, nayo inatoka kwenye ganda lenyewe la yai, na gegedu linageuka mfupa. Sisi tunawatoa kabla hawajaanguliwa, tunawahifadhi kwenye dawa iitwayo fomalini, halafu tunawatia rangi. Gegedu linashika buluu, mfupa unashika nyekundu, na nyama tunaifanya iwe angavu kama kioo ili macho yapite. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikitazama buluu ikigeuka nyekundu. Juni naondoka. Sioni huzuni, sioni furaha. Mume wangu anasema nimekufa ganzi kama jino lililochomwa sindano.

Machi 6
Mvua. Vikao viwili. Sikusema kitu na hakuna aliyegundua.

Machi 9
Mkuu wa idara amekuja na kikombe chake cha chai. Anataka nitoe hotuba ya kuaga Mei 22, ukumbi mkubwa. "Kuhusu Uchelewaji, Profesa. Watu wanataka kukusikia wewe mwenyewe ukiusimulia."

Uchelewaji ndio ulionipa jina. Miaka ishirini na sita iliyopita niliandika kwamba kuku wa nyanda za juu, vifaranga wao huchelewa kuota mifupa. Siku ya kumi na mbili, mguu wa kifaranga wa kuku wetu wa bondeni umeshakuwa mwekundu katikati. Wa juu bado ni buluu tupu. Nikasema ni kwa sababu ya baridi na hewa nyepesi. Siku hizi jambo hilo liko kwenye vitabu vya chuo pamoja na mchoro niliouchora kwa mkono. Mkuu mwenyewe alipata shahada yake ya uzamivu kwa kuueleza Uchelewaji zaidi, na tangu hapo yeye hajachelewa popote, kwenye kila kikao anafika wa kwanza.

Anasema pia maabara itapewa jina langu. Nimesema ni vizuri.

Machi 11
Mvua. Ukungu umeota kwenye kiti changu cha ngozi.

Machi 13
Nimesafisha rafu pamoja na Fundi. Fundi wa maabara alikuwepo hapa kabla yangu na anastaafu mwakani. Ni mtu wa maneno machache. Akisema "ndiyo" mara tatu kwa siku, siku hiyo amehutubia.

Nyuma kabisa, chini ya vumbi, tumekuta mtungi uliosahauliwa: vifaranga wanne wa kuku wa bondeni, siku ya kumi na nne, wamekaa kwenye fomalini miaka tisa. Kuku wa kawaida kabisa. Nikasema tuwatie rangi tuwapeleke kwenye hotuba. Watu hupenda kuona mifupa myekundu.

Machi 20
Wametoka buluu. Wote wanne. Siku ya kumi na nne, na hakuna hata tone la nyekundu, si mguuni, si bawani, si kwenye taya.

Nadhani rangi imeharibika.

Machi 21
Nimechukua yai la siku ya kumi na nne kwenye mashine ya kutotolea, lile la mazoezi ya wanafunzi. Nimemtoa kifaranga nikamtia rangi ile ile, kutoka chupa ile ile. Inahitaji siku tano.

Mume wangu alistaafu upimaji wa ardhi na sasa anapima kila kitu cha nyumbani. Leo amenitangazia kwamba kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua saba, na kwamba nimezitembea mara nne bila kutoka nje. "Mama Vifaranga, kuna nini?" Nikasema hakuna.

Machi 26
Kifaranga mpya ni mwekundu, mwekundu wa kupendeza, mpaka vidoleni. Rangi ni nzima.

Machi 27
Nimechovya karatasi ya litmasi kwenye ule mtungi wa zamani. Karatasi ya buluu ikawa nyekundu papo hapo. Asidi. Nikachovya kwenye mitungi yangu mingine yote, mmoja baada ya mwingine, rafu mbili nzima. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Kisha nikaenda kwenye rafu ya Mzee wa Samaki, mwenzangu aliyestaafu zamani. Samaki wake wamekaa miaka thelathini, na karatasi haikubadilika. Chini ya kila mtungi wake kulikuwa na tabaka la kitu cheupe, vipande vipande. Nikamwita Fundi.

"Hiki ni nini?"

"Maganda ya mayai."

"Nani aliyaweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Aliyenifundisha kazi alisema dawa hii ina njaa. Usipoilisha maganda, itakula mifupa."

"Mbona kwenye mitungi yangu hukuweka?"

Alikuwa anafuta meza, na hakuacha kufuta. "Ulinikataza, Profesa. Ulisema hapa si jikoni."

Nilisema hivyo kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nimetoka masomoni na sanduku jipya, na yale maganda yaliyachafua maji, picha zangu zikatoka na ukungu. Niliona ni uchafu. Niliona ni ushirikina.

"Ungeniambia, Fundi."

"Nilikuambia mara mbili. Ukasema wewe ndiye uliyesoma." Akakamua kitambaa. "Na ni kweli, wewe ndiye uliyesoma."

Fomalini ikikaa inageuka asidi polepole. Asidi inayeyusha chokaa. Ganda la yai ni chokaa tupu, kwa hiyo asidi inakula ganda, inashiba, na mifupa inabaki salama. Mtoto wa sekondari anaweza kulieleza jambo hili ubaoni.

Kuku wetu wa bondeni wanapatikana mlangoni. Nilikuwa nikiwatoa kwenye yai na kuwatia rangi wiki ile ile. Wale wa nyanda za juu walikuwa wanatolewa huko huko juu, wanaletwa kwa lori wakiwa ndani ya mitungi, halafu wanakaa rafuni miezi minne wakisubiri zamu yao.

Kuku wa juu hawakuchelewa. Mimi ndiye niliyechelewa kuwatia rangi.

Nimeiandika sentensi hiyo na nimeisoma tena. Sikusikia chochote. Nimekula, nimeosha vyombo.

Machi 28
Huenda nimekosea kuhusu kosa langu. Nimeweka mayai arobaini ya kuku wa bondeni kwenye mashine. Siku ya kumi na mbili nitawatoa, nusu kwenye fomalini yenye maganda, nusu kwenye fomalini tupu, halafu nitawatia rangi wachache wachache. Nikifika wiki ya tano nitajua.

Machi 29
Mvua.

Machi 30
Kuna mtu sijamwandika.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa uzamivu, binti mwembamba mwenye maswali mengi. Nilimpa jina la utani, Binti Mashaka, na maabara nzima ikalidaka. Yeye hakuridhika na vifaranga wa kwenye mitungi. Alipanda basi hadi nyanda za juu na akarudi mwendo wa saa nane na trei ya mayai mabichi mapajani, ameyazungushia pamba na kanga yake. Akayaweka kwenye mashine hapa hapa. Siku ya kumi na mbili akawatoa, akawatia rangi bila kungoja. Nakumbuka alivyoingia ofisini kwangu na kibakuli cha kioo, bila kupiga hodi: "Profesa, hawajachelewa! Tazama, ni wekundu!"

Nilitazama. Walikuwa wekundu. Nikamwambia amechanganya mayai.

Alikana wiki nzima. Ilipofika siku ya kutetea tasnifu yake, mbele ya wataalamu watano, waliniuliza maoni yangu kama msimamizi. Katika kazi yetu kuna neno ambalo mtu akishapewa halimtoki. Maana yake ni mtu anayemwaga, anayechanganya, ambaye kila anachogusa huwezi kukiamini. Nilisema, "Ana mkono mchafu." Sikupandisha sauti. Mkuu wa idara wa leo alikuwa mmoja wa wale watano, na akaandika.

Tasnifu ikakataliwa. Mitungi yake nilimwambia Fundi aimwage, kwa kuwa nilihitaji nafasi rafuni.

Nasikia anafundisha sekondari. Zaidi ya hapo sijui, na ukweli ni kwamba sikuwahi kuuliza.

Aprili 2
Umeme ulikatika saa tatu hadi saa nane mchana. Mimi na Fundi tumejaza chupa maji ya moto na kuzipanga ndani ya mashine, tukazibadilisha kila nusu saa. Mayai yamepona.

Nilijikamata nikitamani yafe.

Aprili 9
Siku ya kumi na mbili. Tumewatoa vifaranga thelathini na sita. Fundi ameleta maganda kutoka kwake, yameoshwa, yamekaushwa juani na kusagwa. Amesema yako tayari tangu juzi. Amekuwa akiyakausha hivyo nyumbani, siku zote, hajui kwa nini.

Aprili 10
Mvua. Mkuu anataka kichwa cha hotuba. Nimempa: "Uchelewaji." Sikumdanganya.

Aprili 21
Mitungi ya wiki ya kwanza imemaliza rangi. Yenye maganda: wekundu. Isiyo na maganda: wekundu, umefifia kidogo. Inaweza kuwa macho yangu.

Aprili 22
Si macho yangu. Nimemwita Fundi bila kumwambia ipi ni ipi. Amenyoosha kidole kwenye iliyofifia. "Hii imeanza kuliwa."

Mei 5
Wiki ya tatu. Yenye maganda: wekundu. Isiyo na maganda: mstari mwembamba wa waridi katikati ya paja, kwingine kote buluu.

Mei 6
Nimemwambia Mkuu wa idara. Nimemwonyesha vibakuli vyote. Ana akili, hakuhitaji maelezo marefu. Alikaa kwenye kiti changu chenye ukungu bila kukipangusa, akatazama kibakuli kimoja kimoja.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi."

"Fundi hasemi." Akavua miwani. "Profesa, mama yangu, nisikilize. Umebakiza wiki nne. Una jina, una heshima. Mimi nina wanafunzi sita wanaoandika juu ya Uchelewaji. Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," nikamalizia, maana methali hiyo haiachwi ikining'inia. "Na yule binti?"

"Binti gani?"

Hakuwa anajifanya. Alikuwa amemsahau kabisa.

Nilimchukia kwa muda wa kama dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba yeye aliandika tu, mimi ndiye niliyesema.

Mei 7
Nimemweleza mume wangu jikoni, nikimenya viazi. Hakunitania. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ukinyamaza, unamkinga nani?" Nikasema hakuna, yule binti ameshaumia tayari. Akasema, "Basi hunyamazi kwa ajili ya mtu mwingine." Halafu akachukua kisu, akamenya vilivyobaki. Viazi alivimenya vibaya, nusu kiazi nusu ganda.

Mei 11
Mvua imepungua.

Mei 19
Wiki ya tano. Yenye maganda: wekundu. Isiyo na maganda: buluu tupu.

Ni Uchelewaji kamili, kwenye kuku wa bondeni. Ukiweka kibakuli kile kando ya mchoro wangu wa miaka ishirini na sita huwezi kutofautisha. Nimekaa navyo viwili hivyo mezani tangu asubuhi mpaka mhudumu alipokuja kufagia. Ameniomba ninyanyue miguu, nikanyanyua.

Mei 22
Nimesema. Ukumbi ulijaa, wamepamba hadi jukwaa. Nilionyesha vibakuli kwenye skrini, wiki kwa wiki, nikaeleza maganda, nikaeleza lori. Nikasema kwamba mwanafunzi wangu alilijua hili miaka kumi na moja iliyopita, kwamba alifanya kazi safi, na kwamba niliiua kazi yake kwa maneno matatu. Nikayataja hayo maneno. Ilichukua dakika kumi na tisa.

Hakuna aliyepiga makofi, na haikuwa mahali pa makofi. Mkuu wa idara alitazama viatu vyake. Swali lilikuwa moja, la kijana wa mwaka wa pili: "Kwa hiyo kwenye mtihani tujibu nini?"

Nilikuwa nimetegemea kwamba nikishasema nitasikia kitu. Nilisikia njaa.

Mei 23
Nimetuma barua kwa jarida lililochapisha Uchelewaji, kuufuta. Nimetuma nyingine kwa ofisi ya masomo ya uzamivu, kuomba tasnifu ifunguliwe upya. Hakuna tena anayezungumzia jina la maabara.

Mei 28
Nimekwenda shuleni kwake. Mwendo wa saa mbili kwa gari. Mume wangu aliendesha na akabaki nje. "Nitapima uwanja," alisema.

Nilimkuta kwenye chumba cha maandalizi, anapanga vyura kwenye sinia kwa ajili ya somo la vitendo. Amenenepa kidogo, ana mvi mbele. Alinitambua mara moja, akasimama.

"Shikamoo, Profesa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi njiani, na hilo halikuwemo. "Marahaba, Mwalimu," nikasema mwishowe.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, jinsi nilivyoyasema ukumbini. Nikampa picha. Alizipanga juu ya meza kwa mfuatano, wiki ya kwanza, ya tatu, ya tano.

"Kwa hiyo sikuchanganya mayai."

"Hukuchanganya."

"Lakini nakumbuka nikiyachanganya."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa polisi: "Mwanzoni nilikataa. Baadaye, nilipokuwa nimeshatoka, nikaanza kufikiria, Profesa hawezi kukosea namna ile. Nikaanza kukumbuka. Naiona kabisa. Trei hii na trei ile, natoa yai hapa naliweka pale. Mpaka leo naiona."

"Haikutokea."

"Najua sasa kwamba haikutokea. Lakini naiona." Akazikusanya picha, akazilinganisha kingo. "Ndiyo maana hapa mimi sipasui. Wanafunzi ndio wanaopasua, mimi nawasomea maelekezo. Wanafikiri naogopa vyura."

Nikamwambia naomba msamaha. Nililisema neno lenyewe, sikulizunguka.

"Nimesikia," akajibu. Kisha akaniuliza, bila hasira, swali ambalo hata adui angeniuliza kwa huruma: "Ungerudia tu, Profesa. Mayai ishirini na siku kumi na mbili. Miaka kumi na moja yote hiyo, hukupata siku kumi na mbili?"

"Sikuwa na shaka."

"Kweli," akasema. "Shaka nilikuwa nayo mimi."

Kengele ikalia. Akaniomba radhi, ana kipindi, akabeba sinia ya vyura. Picha akazichukua.

Garini mume wangu aliwasha injini akaizima tena. Aliona uso wangu. Nilikuwa nalia kwa sauti, mdomo wazi, sikulia hivyo hata nilipomzika mama. Nimeumia. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye: nimeumia, kifuani, upande wa kushoto, na kila nilipojaribu kupumua vizuri niliona mkono ukitoa yai kwenye trei na kuliweka kwenye nyingine, mkono ambao niliutengeneza mimi.

Mei 29
Kichwa kinauma. Jua.

Juni 3
Ofisi ya uzamivu imejibu. Watapokea tasnifu, lakini matokeo lazima yarudiwe, kwa kuwa vielelezo vya awali havipo. Vielelezo vya awali niliamuru vimwagwe. Nimemtumia barua yao yote bila kupunguza kitu. Nikaongeza kwamba mashine ya pili iko wazi Juni na Julai, na kwamba niko tayari kumsaidia hatua kwa hatua, kuanzia kubeba mayai.

Juni 5
Hajajibu.

Juni 8
Hajajibu. Leo siogopi kuandika kwamba nimeitazama simu mara zisizo na idadi.

Juni 10
Amepiga. Mayai ameshayapata, amekwenda mwenyewe nyanda za juu mwishoni mwa juma na kurudi nayo. Likizo imeanza. Atafika Ijumaa saa tatu asubuhi. Aliuliza kama Fundi bado yupo, nikasema yupo. Aliuliza kama fomalini ni mpya. Nikasema ni mpya, na ina maganda. Akacheka kidogo, au alikohoa.

Nikamwambia nitakuwepo mapema, nitawasha mashine nihakikishe joto limetulia.

"Profesa, naomba usije," akasema.

"Sawa. Nitakuja siku ya kumi na mbili, basi, siku ya kuwatoa."

"Hata siku hiyo." Nilisikia mtoto nyuma yake akiuliza kitu, naye akamnyamazisha kwa upole. "Si kwa ubaya. Ukiwepo, mkono wangu utatetemeka."

Juni 13, Ijumaa
Nilifika saa moja na nusu. Niliwasha mashine ya pili, nikasubiri mpaka kipimajoto kikasimama pale kinapotakiwa, nikafuta vioo. Nilipanga visu vidogo, makasi, vibakuli. Fundi alikuwa ameshajaza mitungi. Nikampa funguo zangu zote: ya maabara, ya stoo, ya ofisi.

"Akitaka chochote, mpe," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Na akikuambia kitu, Fundi, au wewe ukiwa na la kumwambia..."

"Nitamwambia mara tatu," akasema.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Kwenye dirisha la ngazi nilimwona akishuka langoni, trei ameikumbatia kwa mikono miwili, anatazama chini anapokanyaga. Nikashuka kwa ngazi za nyuma na kutoka kwa mlango wa stoo ili asinikute.